Mtu wa Uzito Wake

Mume wangu alikuwa bingwa wa taifa wa ngumi za ridhaa, uzito wa juu. Siku tulipomzika, wengi waliokuja msibani walikuwa wanalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Wao walimjua kama mzee wa mbao wa pale mtaa wa Ramadhani, Njombe, mtu mpole mwenye mabega mapana, asiyeweza kukaa kwenye kiti mpaka mazungumzo yaishe. Hilo la kiti ni kweli. Hata ugali alikula nusu ameketi, nusu amesimama mlangoni akitazama barabara.

Tulikutana Dar es Salaam, nilikokuwa nimekwenda kumlelea dada yangu mtoto. Yeye alikuwa ameajiriwa na shirika moja la umma. Wakati ule mashirika yalikuwa na timu zao za mpira, za netiboli, za ngumi. Katika karatasi za ofisini aliandikwa mlinzi wa ghala, lakini ghala lenyewe nadhani hakulilinda hata siku moja. Asubuhi alikimbia, mchana alilala, jioni alipiga begi la mchanga. Alipochukua ubingwa shirika lilichinja mbuzi, na meneja akatoa hotuba ndefu ambayo mume wangu aliisikiliza akiwa amesimama nyuma karibu na lango.

Halafu zikaja zile enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Madukani vitu vikajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, na shirika letu ambalo lilizoea kuuza bila mshindani likaanza kuyumba. Wafanyakazi wakapunguzwa. Timu ya ngumi ndiyo iliyotangulia. Waliambiwa kwamba sasa shirika lazima lijiendeshe kwa faida, na ngumi hazileti faida.

Mume wangu aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Alirudi nyumbani akaniambia kwamba kama ngumi lazima zilete faida, basi atapigana ngumi za kulipwa. Aliamini hivyo kabisa. Alikuwa bingwa, mwili ulikuwa bado wake, na magazeti yaliandika kila wiki juu ya vijana wepesi waliokuwa wanaitwa Nairobi na Lusaka kupigana kwa pesa.

Promota mmoja wa mjini alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akampa ukweli. Mabondia wepesi wapo kila mtaa, alisema, ukitikisa mti wanadondoka. Wa uzito wa juu nchi nzima ni wachache mno, na wote umeshawapiga. Nani atakata tiketi kuangalia uwapige tena? Akamshauri arudi kwao Njombe, hewa nzuri, chakula kingi, autunze mwili. Akipatikana mtu wa uzito wake, ataitwa.

Tukarudi Njombe. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mimi ni wa upande wa Ludewa, lakini niliambiwa nimeolewa na Mbena na baridi yake nitaizoea. Sikuizoea. Tulikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake, na yeye akapata kazi ya kupakia mbao kwenye malori. Kabla ya jua alitoka kukimbia katika ukungu, barabara ya kwenda Makambako, na watu hawakuelewa. Mama mmoja aliyekuwa anaenda shambani alimwamkia kwa Kibena, kamwene, akamwuliza ng'ombe wake wamepotelea upande gani amsaidie kutafuta.

Habari zilikuja kwa midomo ya madereva. Dereva anasimamisha lori, anamwita: bingwa, nimeambiwa nikwambie amepatikana mtu, yuko Tanga. Wiki hiyo nzima nyumba inabadilika. Mimi napika viazi na maharage mara tatu kwa siku, maana uzito lazima uwepo, na yeye anarukaruka uani mpaka kuku wanahama. Halafu dereva mwingine anakuja na kusema yule wa Tanga amepata kazi melini. Baadaye akapatikana mwanajeshi, akahamishwa kituo. Akapatikana mtu wa Zambia, na huyo sijui alikwama wapi. Katikati ya habari moja na nyingine mume wangu hakuwa mtu wa kukaa naye. Alitoka, akarudi, akatoka. Usiku alinyoosha mkono gizani kana kwamba anapima kitu kiko mbali kiasi gani.

Alipewa nafasi ya ulinzi kwenye kiwanda, kazi ya kudumu, yenye nguo za kazi na likizo. Aliikataa. Alisema akiitwa ghafla hawatamruhusu. Mama yake alilia. Mimi sikulia, lakini nilianza kumchukia huyo mtu wa uzito wake ambaye hatujawahi kumwona, na ambaye kila mara alikuwa anakula chakula chetu kabla hajafika.

Aliyekatisha kungoja huko alikuwa mwenye malori mmoja wa Makambako. Alikuwa Mwislamu kutoka pwani, amekuja na lori moja, sasa ana mengi pamoja na ghala la mahindi na viazi. Mbao za Njombe zilisafiri kwa magari yake. Siku moja alimwona mume wangu anainua gogo peke yake, akauliza jina, akalikumbuka kutoka magazetini. Alishangaa mno. Alisema kwa Mungu ni aibu bingwa wa nchi apakie mbao, na kwamba yeye mwenyewe ataandaa pambano la kulipwa pale Makambako na kumleta yule promota wa Dar ajionee.

Na kweli alimpigia simu. Jibu la promota tuliletewa na mwenye malori mwenyewe, amekaa kwenye kigoda chetu na kofia yake magotini.

"Anasema atakuja. Anasema akikuona unamlaza mtu chini, anaondoka na wewe siku hiyo hiyo. Asipoona hivyo, asisumbuliwe tena."

Mume wangu aliuliza mtu mwenyewe ni nani.

"Hilo niachie mimi," alisema mwenye malori.

Tulikwenda Makambako pamoja kumwona huyo mtu, mimi nikiwa na hamu kuliko yeye. Tulikuta mwenye malori ameweka ile mizani yake kubwa ya kupimia magunia katikati ya ghala, na makuli wote wamepanga foleni. Mume wangu alipandishwa kwanza, uzito ukasomwa kwa sauti, kisha wakaanza kupanda mmoja mmoja. Ilikuwa vicheko tupu. Mmoja aliambiwa ashuke akale kwanza. Mwingine mwenye kitambi aliambiwa hicho kitambi hakipigani, akiache nje. Kisha akapanda kuli mmoja aliyekuja zamani kutoka kanda ya ziwa, mtu mrefu, mnene shingoni, aliyekuwa anabeba lumbesa ya viazi, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, huku anapiga mluzi. Mshale ukasimama pale pale uliposimama kwa mume wangu.

Mwenye malori alipiga makofi. Kwa mfanyabiashara yule jambo lilikuwa limekwisha. Maisha yake yote alikuwa amepima gunia kwa gunia, na vitu vyenye kilo sawa kwake vilikuwa sawa.

Mume wangu alimwuliza yule kuli kama amewahi kupigana.

"Kilabuni," alisema kuli. "Mara nyingi tu. Huwa nashinda nikiwahi."

Makuli wakacheka, na yeye akacheka nao. Mume wangu akamvuta mwenye malori pembeni karibu na magunia niliposimama, akamwambia huyu si bondia, huyu ataumia.

"Wewe si ulilia miaka yote huna mtu wa uzito wako?" alisema mwenye malori, bila ubaya wowote. "Huyu hapa. Unataka nikuletee malaika?"

Tulirudi Njombe. Kesho yake alfajiri hakukimbia. Alipanda lori la mbao akarudi Makambako, akamtafuta yule kuli, akaanza kumfundisha. Hapakuwa na mwingine wa kumfundisha. Kila alipopata nafasi alikwenda, na mara mbili nilifuatana naye kuuza vitumbua, nikawaona nyuma ya ghala, wanaume wawili wakubwa wamefunga mikono matambara, mmoja anamwelekeza mwenzake namna ya kumpiga. Alimfundisha kuinua mikono, kushusha kidevu, kutembea pembeni, kupumua kwa pua. Kuli alimwita kaka. Alishika mengi kuliko nilivyotegemea. Jambo moja tu halikumwingia: kila alipochoka alishusha mkono wa kushoto ili avute pumzi vizuri, kama anavyofanya mtu akishautua mzigo. Mume wangu alimkemea, akampiga kikofi cha shavu, akamrudisha mwanzo. Ulishuka tena.

Jioni ya mara ile ya pili, ndani ya lori, nilimwuliza mume wangu anawezaje kumfundisha mtu atakayempiga. Alisema kama mtu hajui kujilinda basi hilo si pambano, na promota ataona si pambano. Baadaye, tulipokuwa tunapanda kilima, akasema kama anajisemea, "Ule mkono."

Siku yenyewe upepo wa Makambako uliamka mapema. Ulingo ulijengwa uwanjani kwa mbao za msonobari, na kwa sababu mwenye malori aliogopa mtu asivunjike akianguka, alimwaga chini maranda mengi ya kutoka mashine za Njombe, akayafunika kwa maturubai ya malori. Mume wangu alipopanda kujaribu, mguu ukazama kama kwenye shamba lililolimwa. Akanitazama. Hapakuwa na muda wa kubadilisha, watu walikuwa wamejaa, wengine wamekaa juu ya mabodi ya magari. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya karibu, na pambano lilikuwa la raundi sita.

Promota alikuwa amekuja kweli, amevaa koti la ngozi, amekaa kwenye kiti pekee chenye mito, karibu na mwenye malori.

Mimi nilikaa juu ya gunia pamoja na mke wa kuli. Alikuwa na mimba kubwa na alijifunika khanga mpaka usoni kwa sababu ya vumbi. Hatukuwa tumewahi kuongea zaidi ya salamu. Rimu ilipogongwa alinishika mkono.

"Dada," aliniuliza, "wa kwako ana hasira?"

Nikamwambia hana. Akasema wa kwake pia hana, ila ana njaa ya sifa.

Raundi ya kwanza watu walicheka na kushangilia, maana kuli alikumbuka yote. Alitembea pembeni, alishusha kidevu, akarusha mikono iliyonyooka. Makuli wenzake walipiga kelele kwamba bingwa amekutana na lumbesa. Mume wangu alikuwa anamtazama tu na kugusa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Raundi ya pili alimpiga mara mbili mbavuni, si kwa nguvu zote, na nilisikia pumzi ya kuli ikitoka. Mkono wa kushoto ukashuka.

Uso wote ulikuwa wazi. Niliuona mimi ambaye sijui ngumi. Promota aliuona pia, aliinuka kidogo kwenye kiti. Mkono wa kulia wa mume wangu ulipanda, ukafika usawa wa bega, ukakaa hapo. Kuli akakumbuka, akainua mkono wake. Nafasi ikapita.

Ilitokea tena raundi ya tatu. Ya nne sikuona vizuri kwa sababu ya vumbi, ila nilisikia watu wanauliza bingwa anasubiri nini, na mmoja akajibu anasubiri mshahara. Miguu yao wote ilikuwa inazama. Nilipompelekea maji kwenye kona nilikuta mdomo wa mume wangu uko wazi, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyefukuzwa. Hilo nalisema kwa sababu baadaye wako waliosema alikuwa anacheza tu. Hakuwa anacheza. Alikuwa amechoka, na mkono wake wa kulia, ambao asubuhi za baridi haukufunga vizuri tangu aanze kushika mbao, ulikuwa umekakamaa ndani ya glovu. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama ataweza. Alisema nimpe maji.

Raundi ya tano kuli alirusha ngumi akiwa amefumba macho, ikampata mume wangu sikioni, akapiga goti. Uwanja mzima ulisimama. Mke wa kuli aliniachia mkono, sijui kwa aibu au kwa furaha. Mume wangu aliinuka kabla mwalimu hajaanza kuhesabu vizuri, na tangu hapo alipigana kweli. Alimfunga kuli jicho, akampasua mdomo. Lakini kumlaza hakumlaza, na raundi ya sita, mkono wa kushoto wa kuli uliposhuka mara ya mwisho, yeye alimkumbatia, wakaegemeana wawili hao wakubwa katikati ya maturubai mpaka rimu ikagongwa.

Mwalimu alimwinua mume wangu mkono kwa pointi. Makuli walimbeba mwenzao, na yeye ndiye aliyezungushwa uwanjani.

Promota alitukuta nyuma ya ulingo, mimi nafungua kamba za glovu. Hakuwa mkali. Alimpa mume wangu mkono, kisha akasema, "Bingwa, yule mtu hajui kitu. Alikufungulia mlango mara tatu, mimi nimehesabu. Kama mkono hauna nguvu, umri ndio huo, hatugombani. Kama ulimhurumia, basi ni mbaya zaidi. Hii ni kazi. Kwenye kazi hii anayehurumia ndiye anayerudi nyumbani."

"Nimekuelewa," alisema mume wangu.

Mwenye malori alijaribu kusema habari ya maranda, kwamba kosa ni lake, kwamba wajaribu tena mahali pagumu. Promota alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akauliza basi la kushuka Dar linapita saa ngapi. Aliondoka nalo. Tuliliona linavyokata kona. Mume wangu alilitazama kwa muda, na mimi nilingoja atembee, azunguke, afanye yale anayofanya. Hakusogea. Alikaa juu ya mbao, mkono ndani ya ndoo ya maji, mpaka nikamwambia twende tukalale kwa ndugu yake.

Asubuhi stendi, ambako makuli wale walipakia mabasi pia, tulimkuta yule kuli juu ya basi la Njombe, anapanga mizigo. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa na mdomo umevimba kama andazi. Hakuwa na siku ya kupumzika, kama asingekuja kazini nafasi yake angeichukua mwingine. Kwa kuwa upande mmoja haoni, kamba ilikuwa inampita. Mume wangu alinipa mfuko, akapanda ngazi ya nyuma, akashika kamba upande ule. Watu wa stendi walikusanyika kucheka. Kondakta alisema jana mmeuana na leo mnafunga mizigo, si mngefunga jana tukaokoa viingilio vyetu.

Walipomaliza kuli hakushuka. Alimwambia mume wangu jambo, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama chini ya ngazi nilisikia.

"Kaka, nikuulize na usinifiche. Watu wangu wanasema ulinihurumia. Mke wangu naye anasema hivyo. Sijalala. Ulinihurumia?"

Mume wangu alikuwa bado ameishika kamba. Alikaza fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa.

"Nilichoka," alisema.

"Kweli?"

"Ulinichosha. Ulikuwa mzito."

Kuli alicheka mpaka akashika mdomo kwa maumivu. Akawaita makuli wenzake waliokuwa chini, akawaambia mmemsikia wenyewe, mmemsikia kwa masikio yenu, na asije mtu kunisumbua tena. Mume wangu alishuka ngazi taratibu, akichunga ule mkono.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Tulipopita miti ya kwanza ya msonobari nilimwuliza na mimi. Nilidhani mimi ana jibu la kunipa, tofauti na lile la stendi. Alifuta vumbi la kioo kwa mkono wa kushoto.

"Wewe si ulikuwepo," alisema.

Nilikuwepo. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na hakuna dereva aliyesimama tena kumwambia amepatikana mtu, na sikumwuliza mara ya pili. Sasa hayupo, na wanaokuja kunipa pole wanapenda kuniambia alivyokuwa na huruma, au alivyomalizwa na mbao, kila mtu na lake. Ninawashukuru. Mimi niliuona mkono unapanda, ukafika usawa wa bega, ukakaa. Zaidi ya hapo sikuona.